Papa Vénant na Risasi ya Ziwani

Papa Vénant hutoka Fittja kwa treni ya njia nyekundu, hubadilisha akapanda ya kijani, na ikifika saa moja kasorobo yuko Hässelby, kwenye karakana tunakofanyia majaribio. Kule Uvira alikuwa mwashi. Hapa kwa Waswidi kazi yake ni matope. Huyapokea kwa ndoo kutoka ghuba moja ya ziwa, huyakoroga, kisha huyajaza katika masanduku ya plastiki. Kila sanduku lina vibao viwili vya grafiti, kimoja kila upande, na umeme mdogo hupita kati yake kwa wiki nyingi. Metali zenye sumu husogea polepole hadi upande wa hasi, nasi huzitoa huko.

Aprili hii ulikuwa mwezi wake wa mwisho wa majaribio ya kazi. Mwezi ukiisha, bosi wetu Annika angeamua kama anaajiriwa moja kwa moja au anaondoka.

Annika aliniomba nimweleze Papa kazi vizuri, kwa Kiswahili. Nilifurahi. Wazazi wangu ni Watanzania, nimekulia Akalla, na Kiswahili changu kingi nimekipata vitabuni. Neno la Kiswidi *bly* nililitafuta katika kamusi, nikapata “risasi”, nikaenda nalo.

"Papa, matope haya yamejaa risasi," nilimwambia. "Umeme utaivuta upande mmoja."

Akaacha kukoroga. "Risasi ya vita gani?"

Nikacheka, nikidhani ananitania. Yeye hakucheka. Alitazama ndoo, akatazama waya, akanitazama mimi, kisha akasema sawa.

Wiki mbili baadaye vipimo vilianza kutuchanganya. Ghuba ilikuwa ile ile, lakini masanduku mapya yalionyesha risasi chini ya nusu ya tuliyoizoea, hata kabla umeme haujawashwa. Annika aliishuku mashine ya vipimo, akaisafisha. Mimi nilishuku hesabu zangu, nikazirudia mara tatu. Tukawapigia simu wachotaji wa matope. Wakaapa hawajahama mahali pao. Hakuna kilichoeleweka. Mwishoni Annika akauliza ni nani anayeyashika matope kabla yetu, na sote wawili tulilijua jibu.

Nilimkuta nyuma ya karakana na chekeche na mpira wa maji, anachekecha ndoo nzima. Kando yake palikuwa na kilima cha kokoto, magamba ya konokono na vizibo vya bia.

"Bado sijaiona hata moja," alisema, kama mtu anayeomba radhi.

"Hata moja nini, Papa?"

"Risasi, mama. Ulisema imejaa. Ukiwasha courant na risasi iko ndani, si italipuka?"

Chembe laini ndizo zinazobeba metali, na chembe hizo zilikuwa zikienda na maji yake. Nilijaribu kumweleza, nikajikanganya, nikaanza upya: si ya bunduki, ni metali nzito ya kijivu, kama iliyomo kwenye betri ya gari.

"Plomb," alisema kwa Kifaransa. "Unasema plomb."

"Ndiyo. Bly."

"Bly si jina la ile ghuba?"

Annika alikuwa amefika. Alimuuliza Papa kwa Kiswidi kwa nini hakuuliza kwanza. Nilifungua kinywa nitafsiri, lakini Papa alikuwa ameelewa.

"Mwambie niliuliza," alisema. "Wewe ukacheka."

Nikatafsiri yote, pamoja na kicheko changu.

Annika akauliza maji ya kuchekechea yalimwagwa wapi. Hapo nikajua kazi ya Papa imekwisha. Maji yale yenye sumu yakiwa mtaroni, hakuna wa kumtetea. Papa Vénant akatupeleka bandani. Mapipa saba yalikuwa yamepangwa ukutani, kila moja limeandikwa kwa chaki tarehe na namba za ndoo. Hakuthubutu kumwaga maji ya baruti, alisema, watoto wanaogelea ziwani. Matope laini yote yalikuwa yametuama chini. Tungeweza kuyarudisha ndoo kwa ndoo.

Annika alizisoma tarehe moja moja, kisha akasema karatasi za ajira ataleta Ijumaa, akaondoka.

"Amekasirika ama?" Papa Vénant aliniuliza.

Nikamwambia ameajiriwa.

"Juu ya kosa?"

"Juu ya mapipa."

Alifikiri, maji ya chekeche yakimdondokea viatuni.

"Sasa hii nisichekeche tena?"

Nikamwambia asichekeche. Akaenda kufunga maji.