Mgongo Uliokataa Amri

Baba yangu alikuwa mkufunzi wa gwaride katika polisi, na kwake hakuna ugonjwa ambao "Mguu sawa!" haikuutibu. Mafua? Mguu sawa. Nimefeli hesabu? Mguu sawa. Kwa hiyo nilipokuwa na miaka tisa na mgongo ukaanza kupinda, daktari wa nini na ukuta upo?

Kila asubuhi, pale nyumbani kambini, alinisimamisha ukutani: visigino, makalio, mabega, kisogo, vyote viguse. Nundu ndogo katikati ya mgongo ndiyo iliyogusa kwanza. Baba akanisukuma mabega kwa viganja.

"Unajilegeza kama raia," akasema. Kwetu hilo lilikuwa tusi zito.

Niliumwa, jamani! Kila jioni homa, na sare ya shule ikawa inaning'inia.

"Afande, mtoto anakonda," mama alimwambia.

"Makuruta wote hukonda."

Hongera zangu, kuruta wa darasa la nne.

Asubuhi moja amri ikatoka, miguu ikagoma. Nikaanguka palepale ukutani. Baba akarudia amri, sauti ikipanda, halafu ikakatika. Akaninyakua, akakimbia nami hadi kwenye bodaboda akiwa amevaa kandambili, yeye aliyewaadhibu watu kwa kifungo kimoja cha shati kilichoachia.

Daktari alikuwa binti mdogo, wala hakupaza sauti. Alitazama picha, akasema ni kifua kikuu cha uti wa mgongo.

"Mbona hakohoi?" baba akauliza, kama aliyemkamata mwizi.

"Kinakula mifupa pia, mzee. Angeletwa mapema, nundu isingefika hapa. Sasa tupiganie miguu."

Baba, ambaye sauti yake ilisikika kutoka kambini mpaka mtaa wa Ntinda, akajibu, "Ndiyo, afande," kwa sauti ya kuruta.

Dawa nilimeza mwaka mzima. Miguu ilirudi, namshukuru Mungu. Nundu ilibaki, na mpaka leo mafundi cherehani wananiuliza kama nimebeba kitu.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni jioni ile ya kwanza wodini. Baba alisimama kando ya kitanda. Nami, nikiwa nimelala chali, nilikuwa nimebana visigino na kunyoosha mikono ubavuni. Alinitazama muda mrefu mpaka akaelewa.

"Mguu pande, mwanangu," akanong'ona. "Legea. Tafadhali."

Nilitaka kumtii. Nilimwangalia tu, mwili umekakamaa, kwa sababu amri hiyo hakuwahi kunifundisha.