Kipimo cha Saa Tisa

Siku ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo alinipa kalamu, hakunipa raba. "Binti," akaniambia, "ukikosea hapa hufuti. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa, unaandika la kweli pembeni. Kosa lazima lisomeke." Nilidhani ni ubahili wa serikali.

Kituo chetu kilikuwa kilimani, Tarime mjini. Ndani ya uzio wa waya mlikuwa na kipimamvua, ambacho ni mkebe tu wenye mdomo wa faneli, na kipimaupepo chenye vikombe vinavyozunguka juu ya mlingoti. Kulikuwa pia na sanduku jeupe lenye kuta za luva, yaani vibao vya mshazari vinavyopitisha hewa, la kuhifadhi vipimajoto visipigwe na jua. Mara tatu kwa siku, saa tatu, saa sita na saa tisa, mpimaji alitoka, akasoma vyombo, akatazama mbingu pande zote nne, ndipo akaandika kitabuni. Ninyi vijana mnaofungua simu na kukuta jua limechorwa na wingu, jueni kuna mtu alitoka nje kwanza.

Siku hizo wilaya yetu ilifika hadi ziwani, na wenye boti walitutegemea sisi wa milimani. Watu walishangaa. Lakini dhoruba nyingi za upande wetu hazizaliwi majini. Mchana wingu linajijenga huku juu, mashariki, kuelekea Serengeti, na jioni upepo unashuka nalo ziwani. Kwa hiyo kipimo cha saa tisa ndicho kilichokuwa roho ya kazi. Kutokana nacho tuliandika taarifa ya siku mbili, leo na kesho, kwa vyombo vya majini, mtu wa redio ya mawasiliano akaisoma, na kwenye mialo, yaani pale boti zinapopakia na kushusha, wakapandisha bendera nyeupe au nyekundu.

Mdogo wangu Marwa alikuwa na boti la injini. Dhahabu ilipotoka Matongo, akawa anavusha watu kutoka ng'ambo, wenye sururu na wenye ndoto. Wazimu ule ulimpata kila mtu. Walimu waliacha chaki. Na mimi, mpimaji mwenye cheti, nilikuwa na mgao katika duara, yaani shimo la dhahabu, lililochimbwa kwenye shamba la marehemu baba.

Desturi ya duara ilikuwa ngumu. Mawe ya dhahabu yakitoka yanagawanywa papo hapo mdomoni mwa shimo, na asiyekuwepo hana lake. Basi siku moja, Mkuu wa Kituo akiwa safarini Musoma, baba mdogo alituma ujumbe kwamba mawe yanatoka alasiri. Ilikuwa saa saba. Mbingu ilikuwa safi, vikombe havizunguki. Nikafungua kitabu, nikaandika kipimo cha saa tisa kabla ya saa tisa. Nikaandika na taarifa: ziwa tulivu leo na kesho. Nikamwachia mtu wa redio, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma karatasi, si kutazama juu. Nikadandia lori.

Nilifika Matongo viroba vya mawe vikipandishwa kwa kamba. Nikatazama saa: saa tisa kamili. Mazoea ni mazoea, nikainua uso mashariki. Wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini, kichwa chake kimetandazika kama fuawe, kile chuma cha mhunzi cha kufulia. Mpimaji yeyote akiona kichwa hicho anajua dhoruba inakuja. 

"Baba mdogo, narudi."

"Mwana wa kaka, una akili? Mawe si haya hapa!"

"Marwa anavuka leo."

Lori la kurudi lilisimama kila mtu aliponyoosha mkono. Wingu likatupita njiani, likashuka magharibi, nami nikawa nikimlaani dereva, barabara, na mwishowe nafsi yangu. Saa kumi na moja na nusu nilishika redio mwenyewe, nikaita mwalo wa ng'ambo.

"Ameng'oa nanga saa kumi," mzee wa mwalo akajibu. "Abiria walisita walipoliona hilo wingu. Akawaambia, taarifa ya leo kaandika dada yangu, pandeni."

Sikulala, wala sitaki kuisimulia subira ile. Asubuhi wavuvi waliwakuta wameshikilia boti lililopinduka, Marwa na abiria wake, isipokuwa mmoja: fundi matofali aliyekuwa anakwenda kuchimba Matongo. Huyo hakuonekana tena. Baadaye nilikwenda kwa mkewe. Alinikaribisha uji, nikaushika mpaka ukapoa.

Marwa alikuja kwangu midomo imepasuka. "Dada, usilie. Wewe uliandika ulichokiona. Ziwa ndilo lililogeuka."

Ningeweza kunyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote.

"Sikuona kitu, mura, mdogo wangu. Sikuangalia."

Aliweka chini kikombe cha chai nilichompa, akatoka bila kuaga.

Mkuu wa Kituo aliporudi hakufoka. Aliufungua ukurasa, akanisogezea kalamu. Nilipiga mstari mmoja, nikaandika pembeni: Hakikupimwa. Mkaguzi wa Kanda aliusoma, akanihamishia kituo cha mvua cha Natta, ambako hakuna hata dimbwi la kuelea bata. Miaka mingi nilipima mvua za wakulima na kupigana na tembo waliong'oa mkebe wangu. Sikuruka saa tisa hata moja, na mgao wa duara sikwenda kuudai.

Sasa nimestaafu, nimerudi Tarime. Marwa alikaa miaka miwili bila kusema nami, kisha akaanza tena, kidogo kidogo. Bado ana boti, na ana simu inayomwonyesha upepo wa siku saba. Lakini kila akitaka kuvuka, hunipigia.

"Shikamoo, dada. Umeangalia?"

"Marahaba. Subiri."

Hata kama nimetoka kuangalia sasa hivi, naiweka simu mezani, nachukua mkongojo, natoka hadi panapoonekana mashariki yote. Magoti siku hizi hayana haraka. Nikirudi, bado yupo hewani.

Hajakata simu hata siku moja.