Makufuli Mawili ya Stoo

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo, na kijijini kwetu, upande wa Gwata, walinijua hivyo: ukinisalimia mara mbili kwa siku moja, nitakuuliza unataka nini. Ndiyo maana kilipokuja kile chama cha watu wa kujitolea, chenye matawi katika nchi ambazo nyingine sikuwa nimezisikia, kamati ilinitaja mimi nishike stoo. Walisema mtu anayemshuku kila mtu haibiwi.

Tulikuwa tunajenga zahanati. Wageni walileta ufundi na mikono yao, sisi tukaleta mchanga, miti na mikono yetu. Sharti lao lilikuwa moja, na walilirudia kila siku: hakuna kazi ya mtu mmoja. Kila kazi iwe na mwenyeji na mgeni, na kila Ijumaa baada ya sala watu wote wakae, mwenye kazi aeleze alichokifanya, na yeyote amwulize. Mwenyekiti aulizwe na mchota maji, mgeni aulizwe na mwenyeji. Mimi sharti hilo lilinifurahisha mno. Nikasema hatimaye wamekuja watu wenye akili kama yangu.

Stoo ikatiwa makufuli mawili. Ufunguo mmoja ulikuwa wangu, wa pili wa mwenzangu, msichana mrefu kutoka nchi ya baridi, mwenye Kiswahili cha kupapasa na haya nyingi. Ndani mlikuwa na saruji, misumari, na kilichopendwa kuliko vyote: gunia la sukari lililotoka Kibaha kwa kibali, kwa ajili ya uji wa wajenzi. Sukari mwaka ule ilikuwa ya kusimuliana tu. Tena ulikuwa mwaka wa msako wa walanguzi, na mtu akikutwa na sabuni asiyoweza kuieleza alikwenda kulala ndani.

Mikutano ya Ijumaa haikwenda kama wageni walivyotaka. Tulikaa juu ya matofali, mwenye kazi akaeleza, kisha mwenyekiti akauliza, "Kuna swali?" Sote tukajibu, "Hatuna neno." Kumwuliza mtu mzima mbele za watu ni kumwumbua, nani angeanza? Maswali tuliyauliza baadaye njiani, wawili wawili, mwenyewe akiwa hayupo.

Katikati ya ujenzi baba yangu akafariki. Nilimwachia yule msichana ufunguo wangu, kwa kuwa mtoto wa marehemu haondoki msibani kwenda kupima misumari. Waliokuja kutuzikia na kutuchekesha walikuwa watani wetu, na mkubwa wao alikuwa bibi mmoja wa Kinyamwezi, aliyeletwa na mumewe zamani kwenye mashamba ya mkonge akabakia hapa hapa. Siku ya mazishi alivaa kanzu ya baba, akatembea kwa mwendo wa baba, akakohoa kikohozi cha baba, mpaka mama akacheka na machozi yake usoni. Hakuna Mzaramo aliyemkasirikia. Mtani hakasirikiwi.

Mama akaingia eda, akawa hatoki. Arobaini ilipofika walikuja ndugu zetu wa Kisarawe, ikasomwa hitima, watu wakala na kunywa chai. Ilikuwa chai tamu kweli. Ami yangu wa Kisarawe aliinua kikombe akasema, "Nyumba hii ina baraka." Nilidhani wao ndio waliokuja na sukari, maana Kisarawe ndugu zetu walikuwa na vijiduka. Nikanywa vikombe viwili.

Niliporudi stoo niliona gunia limelegea tumbo. Wajenzi hawakuwa wamekunywa uji wa kiasi kile. Ijumaa ile nilisimama mwenyewe, wa kwanza kijijini kuuliza swali, nikasema sukari imepungua na ninataka kujua imekwenda wapi.

Mwenyekiti akanitazama. "Funguo ni za nani?"

Sikuwa nimelifikiria hilo, wala kwamba kumwachia mwenzangu ufunguo wangu ni kuvunja sharti. Macho yote yakanigeukia mimi na mwenzangu. Yeye akawa mwekundu mpaka masikioni. Mwenyekiti akamwuliza kama ana la kusema, na yeye, kwa Kiswahili safi kabisa, akajibu, "Sina neno." Alikuwa amejifunza kwetu.

Mwenyekiti akasema asiposema mtu, Ijumaa ijayo wenye funguo tutapelekwa polisi Kibaha tukajieleze. Kila mtu alijua maana yake. Msichana wangemrudisha kwao kwa ndege. Mimi ningebaki na jina la mlanguzi, na baba yangu hata udongo wa kaburi lake haujakauka. Nikaogopa, nakwambia, nikaogopa kama mtoto. Niliwakataza watu wasimwambie mama. Mtu wa eda hasumbuliwi. Nao walitii, maana kunyamaza ndiyo kazi tuliyoiweza.

Wiki ile nilimfuatilia yule msichana kila alipokwenda. Alipobeba mkoba niliutazama uzito wake. Alipokwenda Misugusugu na lori la mchanga nilimwuliza dereva alishuka wapi, akasalimiana na nani. Kila alasiri alikwenda nyumbani kwetu kumwamkia mama. Nilipoingia ghafla, walinyamaza wote wawili. Nikasema moyoni, huyu anajipendekeza kwa mama ili siku ya kunisingizia asionekane mbaya. Chai alizonikaribisha nilizimwaga.

Ijumaa ikafika. Mwenyekiti akauliza kama kuna neno. Nilitazama nyuso za watu niliokua nao, kila mmoja akatazama matofali. Hapo nilijua kwamba wanajua. Wote walijua jambo nisilolijua mimi, na hasira ikanipanda.

Ndipo bibi wa Kinyamwezi akainuka huku akijifunga kanga kiunoni.

"Nyie Wazaramo mtakufa na heshima zenu," alisema. "Wewe mwenyekiti, ulikunywa vikombe vingapi pale msibani? Mpaka ukaomba cha kubeba! Na wewe mtumwa wangu," akaninyooshea kidole, "chai ya arobaini ya baba yako iliungwa na nini? Na mate yako?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilisikia ule utamu ukinirudi mdomoni.

"Kisarawe hawakuja na kitu," bibi aliendelea. "Walikuja na matumbo yao. Sukari ni ya hapa. Aliitoa huyu mtoto wa watu, na aliombwa."

Msichana akaanza kulia. Alisema alikwenda kumpa mama pole, mama akamwomba sukari kidogo ya kumtoa aibu mbele ya wageni. Akaona chama ni cha kusaidiana, akampa. Alitaka kulieleza Ijumaa, kama sharti lao lilivyo, lakini mama alimwambia msiba hausimangwi, aliyetoa hataji, na akamwapisha asiniambie mimi hasa. Nami nilikuwa nimekataza mama asiambiwe, hivyo hakuwa na wa kumwondolea kiapo. "Kibaha ningesema ni mimi," alisema. "Peke yangu."

Mwenyekiti, aliyekunywa na kubeba, alisafisha koo akasema shauri limekwisha. Hakuna aliyekwenda Kibaha. Na tangu siku ile bibi yule akapewa kazi rasmi, ya kuuliza. Wakubwa wa chama huko nje walitaka kujua cheo hicho kinaitwaje, wakaambiwa ni mtani. Sidhani walielewa, lakini hawakukipinga. Kazi zote waliweza kutugawia nusu kwa nusu, ila ya kumwambia mtu ukweli usoni walitukuta tayari tuna mwenyewe.

Nilimwomba msichana radhi pale pale, akanikumbatia mbele za watu, jambo ambalo sikulipenda. Kisha nikaenda nyumbani nimefura. Nilimkuta mama amekaa juu ya mkeka katika nguo zake nyeupe za eda. Nikamweleza yote kwa pupa, Kibaha, mlanguzi, macho ya watu.

"Mama, ufunguo ulikuwa wangu. Kwa nini hukuniomba mimi?"

Mama alisogea kidogo, akanipisha mkekani. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Ningekuomba, mwanangu," alisema. "Ungenipa?"

Nje walikuwa wanaendelea kupiga matofali ya zahanati, na mama alikuwa ananisubiri, na mimi nilikuwa nalijua jibu, naye alikuwa amelijua kabla yangu.