Mwaka wa Ugali wa Yanga

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu Suguti kuzika, na baada ya mazishi nikapita palipokuwa na nyumba yetu. Pamebaki mawe ya msingi na majani. Nikamkumbuka dada yangu enzi zile za uhaba, sabuni ya foleni na ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada.

Dada hakuwa akisema. Kutwa alipanga dagaa mkekani kwa mistari, vichwa upande mmoja, na ukimwita hageuki. Siku hizi wanaita usonji. Sisi tulijua tu kwamba ndivyo alivyo, na hatukumsumbua.

Mwaka ule wa yanga akabadilika. Akawa anajigonga kichwa ukutani, anamng'ata mama, usiku halali. Jirani akaja na lake: "Hayo mapepo. Mpelekeni Bunda, kuna mtu anayatoaga." Bibi akaanza kuchagua mbuzi wa kupeleka. Mama akasema, kwanza zahanati.

Alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, mimi nyuma na chupa ya maji. Muuguzi hakuanza na kichwa.

"Mama, huyu anakulaga nini?"

"Ugali tu. Mboga anatema."

"Na choo anapata?"

Mama akanigeukia; hakujua. Muuguzi akambonyeza tumbo taratibu, dada akapiga ukelele.

"Limekuwa gumu kama jiwe. Anaumia na hawezi kusema. Wewe ungelala?"

Akampa dawa ya kulainisha choo. Mengine yakawa ya nyumbani: maji mengi, uji mwembamba wa ulezi, papai. Papai alilikataa mpaka bibi alipoliponda ndani ya uji. Kazi yangu ilikuwa kumnywesha maji, kwa kikombe chake cha bati tu, kingine hataki.

Polepole akatulia. Akalala usiku kucha. Akarudi kwenye dagaa wake, na asubuhi moja akaniegemea begani, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Kusema hakusema, hata leo hasemi. Ila habari za Bunda ziliishia pale, na mbuzi akabaki zizini.

Sasa naishi naye mjini, Mwisenge. Mwaka jana alianza tena kujigonga, nikampeleka hospitali. Kumbe jino limeoza. Likang'olewa, jioni akala sato mzima.

Mama na bibi hawapo tena. Pale kwenye msingi nilijaribu kukisia ukuta ule aliojigonga dada ulisimama wapi, nikashindwa. Ninachokiona bado ni mkono wa mama: kila mara dada alipojirusha, mama aliuwahisha, akauweka katikati ya kichwa na ukuta wa udongo.