Lifti ya Mazishini

Ozella Prudhomme alikuwa mfuaji wa jezi za timu ya chuo chetu hapa Louisiana, timu ya ile futiboli ya helmeti. Ni mjane, mwimbaji wa kwaya yetu, na ukitaka kumuudhi pita kwake halafu useme umeshiba. Yaliyompata yalikuwa miaka ile kabla wachezaji hawajaruhusiwa kulipwa.

Ijumaa moja, wiki isiyo na mechi, aliingia chumba cha kufulia Trevon Guidry, mchezaji wa safu ya ulinzi, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Alisimama kati ya mashine.

"Soksi zako bado mbichi, baba," Ozella alimwambia.

"Sikufuata soksi. Bibi yangu amefariki. Wanamzika kesho, Lake Providence."

"Pole, mwanangu. Utakwendaje?"

"Sijui."

"Kocha umemwambia?"

"Anayeomba ruhusa kwa kocha, akirudi anakuta mwenzake amechukua nafasi yake."

Kwetu mfiwa haachwi asafiri peke yake, na Ozella hakujiuliza mara mbili. Kesho yake alfajiri alimpakia kwenye gari lake, akakaa naye hadi kaburi likafukiwa, wakala kuku na maharage mekundu katika ukumbi wa kanisa, akamrudisha. Kwamba kumpeleka mtu kuzika kunahitaji kibali, hilo halikumpitia akilini.

Kanuni za michezo ya vyuo zilisema mfanyakazi wa chuo asimpe mchezaji kitu ambacho wanafunzi wengine hawapewi, hata lifti. Na kinachouma ni kwamba chuo chenyewe kingeweza kumsafirisha Trevon kihalali, kama angeomba.

Jamaa mmoja wa Trevon aliweka picha ya mazishi kwenye mtandao. Nyuma ya wafiwa lilionekana gari lenye nembo ya timu yetu. Mashabiki wa wapinzani wetu wakaipeleka kwa wasimamizi wa michezo ya vyuo, nao wakatuma mchunguzi.

Trevon ndiye aliyehojiwa kwanza. Akitoka huko alipita kwa Ozella, akanong'ona, "Nimewaambia binamu yangu ndiye alinipeleka. Gari lile ni la mtu tu wa msibani. Wewe nyamaza, mama. Usianze mambo yako ya kanisani."

Jioni ile Ozella alikuja kwangu. Chai ilipoa mbele yake.

"Lifti ni adhabu ya mechi moja," alisema. "Kuwadanganya wachunguzi ni msimu mzima. Nikisema kweli, namzika mimi mwenyewe."

"Basi nyamaza."

"Nitaulizwa, dada. Nikiulizwa nitasema nini?"

Tuliomba, lakini hata nikiomba nilikuwa namwona mchezaji wetu nyota, yule mrushaji mpira, na gari jipya aliloazimwa na tajiri mmoja wa mjini. Yeye alipewa onyo tu, akacheza Jumamosi iliyofuata.

Mchunguzi, Bwana Lindqvist, alikuwa mpole. Alimwekea Ozella maji, akawasha kinasa sauti.

"Mama, gari hili ni lako?"

"Kabla sijajibu, mwite kijana. Muulize tena, mimi nikiwa hapa."

"Hatufanyi hivyo."

"Mtu anaweza kujirekebisha, au kanuni zenu hazina hilo?"

Lindqvist akapiga simu. Trevon aliingia, kofia mkononi. Ozella alimtazama usoni, akimsihi kwa macho aseme kweli.

"Nani alikupeleka mazishini?" Lindqvist aliuliza.

Trevon alimtazama Ozella pia. Naye akamwelewa vibaya, au alimwelewa akakataa. "Binamu yangu. Mama huyu hahusiki na lolote."

"Keti, mwanangu," Ozella alisema taratibu. "Gari ni langu. Nilimpeleka mimi."

"Mama, kwa nini?"

"Ungeulizwa mwakani tena, ukadanganya tena. Ungekoma lini?"

Lindqvist alizima kinasa. Alisema atamwombea kijana huruma, na nasikia kweli aliomba. Haikusaidia. Trevon alikosa msimu wote. Ozella alihamishiwa kufua shuka za mabweni, akaandikiwa kwamba asimpe mchezaji yeyote lifti, chakula wala kitu kingine.

Wiki nyingi Trevon alimwamkia kwa adabu tu, "Habari, mama," akaendelea na njia. Wengine kanisani walimwambia Ozella amemwangamiza mtoto wa watu. Nyumbani alikuwa akipika sufuria kubwa kama zamani, halafu anatugawia majirani.

Novemba, mvua ikimwagika, alimkuta Trevon anatembea kando ya barabara ya mashamba ya miwa. Alipunguza mwendo wa gari. Trevon akampungia mkono apite.

Ozella alipita, akaegesha mbele kidogo, akashuka na mwavuli, akamngoja.

"Rudi garini, mama. Watatuona."

"Gari ndilo wamelikataza. Kutembea sijasikia."

"Na mwavuli? Huo si zawadi?"

Ozella aliutazama mwavuli, akaufunga. Maji yakaanza kumtiririka usoni.

"Una kichaa, mama."

"Twende, baba. Goti hili halipendi kusimama."

Trevon aliangalia barabara nyuma na mbele. Kisha akapunguza hatua zake ziende na za Ozella.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua. Kasirika tukitembea."