Lenzi ya Maji Dirishani kwa Mutheu

Miaka hupita polepole, ikichukua nywele nyeusi na kuacha mvi, lakini kuna hofu isiyozeeka. Nthenya alikuja Nairobi kutoka Kitui akiwa msichana, akaishi katika mtaa wa Raila, Kibera, mpaka moto ulipoteketeza safu nzima ya vyumba vya mabati, chake kikiwamo. Alihamia Riruta Satellite, akasomea ualimu, na kwa muda mrefu sasa amefundisha fizikia katika shule ndogo ya Kawangware. Tangu moto ule halali kabla ya kugusa jiko na kuhakikisha limepoa.

Muhula huu aliwapa wanafunzi kazi ya kubuni lenzi. Walikata vipande viwili vya mviringo kwenye mabega ya chupa za plastiki, wakaviunganisha ukingoni kwa gundi, wakajaza maji. Kila kundi lilikadiria kwanza mahali miale ingekutana, kisha likapima kwa mshumaa na karatasi nyeupe. Lenzi ya Mutheu, mmoja wa wanafunzi hao, ilionyesha picha safi kuliko zote, ila ilivuja. Ijumaa akaomba kwenda nayo nyumbani ikiwa imejaa, aone kama gundi mpya ingeshika. Nthenya akakubali.

Jumamosi asubuhi, akianika nguo, aliona jua likipiga ukutani, akakumbuka kuwa lenzi iliyojaa maji hukusanya miale ya jua hata ikawasha moto. Mutheu alikuwa amesema angeiweka dirishani. Chumba chao kiko Raila, na ndani kimebandikwa maboksi ya karatasi kuzuia baridi. Alipiga simu kwao, haikupatikana. Barabarani magari yalikuwa yamesimama, basi akaenda kwa miguu, akikaribia kukimbia, macho yakitafuta moshi juu ya mapaa. Alipofika Makina, kwenye kuingia Kibera, aliuona, akatimua mbio. Ulikuwa wa mchoma mahindi.

Kavindu, mama yake Mutheu, alikuwa mlangoni akikaanga maandazi.

"Mwalimu! Hata Jumamosi unatufuata? Ama huyu msichana amekunywa yale maji ya somo lako?"

"Mama Mutheu, ile lenzi iko wapi?"

"Hiyo jicho ya samaki? Si iko hapo dirishani."

Nthenya akaingia. Haikuwapo dirishani. Mutheu alikuwa ameketi sakafuni, lenzi mapajani, imefunikwa leso. Ukutani, kando ya neti ya kitanda, boksi lilikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya dengu, bado likinuka.

"Niliona ikitoa moshi," akanong'ona. "Nikaweka mkono katikati. Imenichoma kidogo tu. Mama asijue, mwalimu, tafadhali. Ataitupa."

"Nitamwambia mimi. Mimi ndiye niliyekuruhusu kuibeba ikiwa na maji."

Akayamwaga maji ya lenzi nje, kisha akamwita Kavindu na kumwonyesha lile doa. Kavindu akaligusa kwa kidole.

"Hapo ndipo mtoto mdogo hulala," akasema. Akatoka, akalisogeza jiko lake mbali na mlango.

Lenzi haikutupwa. Jumatatu ilirudi shuleni ikiwa kavu, na tangu hapo hakuna lenzi iliyovuka lango ikiwa na maji. Hata hivyo, Nthenya akiona jua likiingia darasani, bado huzihesabu lenzi zote.

Ewe Mola, uliyeiumba nuru na kuiwekea njia, mlinde Nthenya na jamaa zake. Uponye mkono wa Mutheu. Umhifadhi mama yake, na mdogo wake alalaye kando ya boksi lile. Nuru yako iwafikie bila kuwaunguza. Amina.