Danieli Aliyeapa Kuwa Mvanga

Nianze kwa kusema kwamba Danieli hakuwa mtu mbaya. Nalisema mapema kwa sababu nikishaanza kusimulia nitakasirika, na mimi Faustina nikikasirika sina breki. Alikuwa kijana wa mitumba pale soko la Same, mrefu, msafi, mwenye kupiga pasi hata soksi za kuuza. Zilikuwa siku za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sukari na unga wa yanga, ule wa njano wa msaada, tukiwa tumevaa viraka mpaka viraka navyo vimechoka. Danieli alielewa mapema kuliko wenzake kwamba mtu wa namna hiyo atanunua shati kabla hajanunua nyama. Alifungua robota lake la kwanza la nguo chini, juu ya turubai, na kabla mwaka haujaisha alikuwa na kibanda chenye bati.

Shida yake ilikuwa jina.

Baba yake, Mzee Tomaso, aliletwa kutoka Kasulu zamani za wakoloni, kuja kukata mkonge kwenye shamba moja upande wa Bendera. Watu walioletwa hivyo waliandikishwa kwa namba, na watu wa huku wakawaita manamba, wote kwa pamoja, awe Muha, Mmakonde au Mbena. Jina la Kiha la yule mzee lilimshinda karani kulitamka, akamwita Manamba, na shamba zima likafuata. Mtoto alipopelekwa shule mwalimu akaandika alichosikia: Danieli Manamba.

Sasa mtu wa mbali anaweza kuuliza, jina hilo lina ubaya gani? Aje aishi huku. Manamba lilikuwa tusi la mtu anayekula bila kunawa, anayelala kambini, asiye na kaburi la babu. Shuleni walimwimbia. Kwenye zahanati, muuguzi alipoita "Manamba!", mama mmoja kwenye benchi akauliza kama linaitwa kundi zima au mtu mmoja. Watu wakacheka, na Danieli akaingia kwa daktari huku masikio yanamuwaka. Hayo alimsimulia mpwa wangu Rogathe, na Rogathe akanisimulia mimi.

Rogathe ni binti wa mdogo wangu Eliufoo, wa Vudee. Siku za soko alikuwa akishuka Same na ndizi na maharage, akapanga bidhaa zake karibu na kile kibanda chenye bati. Mambo ya vijana siyaelezi, mnayajua. Ninachojua ni kwamba alianza kurudi mlimani amevaa sweta nzuri nzuri ambazo maharage peke yake hayawezi kuzinunua, nami nikamuuliza, naye hakunificha. Alisema, "Shangazi, ni mtoto wa yule Mzee Manamba wa Bendera. Mzee mwenyewe namfahamu, huja kukaa kibandani. Ana heshima kuliko watu wengi."

Nilimpelekea Eliufoo habari hizo kwa woga. Eliufoo akacheka. Kumbe ujanani mwake, kabla hajaoa, alitoroka shule akaenda kukata mkonge huko huko Bendera msimu mzima, na miiba ilimpa makovu ambayo tulidhani ni ya shamba la kahawa. "Mtoto wa manamba anajua kazi," alisema. "Aje. Mgeni hana shida, mgeni tunamuuliza alikotoka basi."

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi. Danieli hakujua. Alikuwa anaogopa mlango huo kiasi kwamba Rogathe alipomwambia baba hana neno, hakumwamini. Akafanya lake, kimya kimya, bila kumwambia msichana wala mzazi.

Alikwenda Moshi kwa wakili. Akala kiapo kwamba kuanzia siku ile ameliacha jina la Manamba, hataitwa tena hivyo, yeye wala watoto wake, hati ikagongwa mihuri, tangazo likapelekwa kwenye gazeti la Serikali, ambalo huku kwetu hufungiwa maandazi. Ikawa halali. Sukari ruksa, mitumba ruksa, na jina nalo ruksa. Na jina alilochagua? Alilitoa kwenye ubao wa duka la mabati pale mjini, duka kubwa linaloheshimika: Mvanga na Wanawe. Alilipenda, likamkaa. Aliona jina ni kama shati la kwenye robota, likikutosha mabegani unavaa unaondoka.

Hakukua nyumbani kwa Mpare, hakuna aliyemfundisha. Kambini jina ni la mtu mmoja. Kwetu jina kama lile ni ukoo, na ukoo una mipaka yake, msitu wake na makaburi yake. Rogathe alikuwa anaitwa Rogathe Eliufoo, kama tunavyofanya siku hizi, jina la baba likiwa nyuma. Lakini Eliufoo ni nani? Ni Mvanga. Mimi Faustina ni Mvanga. Nyumba yote ile aliyokuja kuposa, hadi mbuzi waliofungwa nyuma, ni ya Wavanga.

Walikuja Jumapili baada ya ibada. Mshenga alikuwa Mzee Melkizedeki, mtu wa Ugweno huko kaskazini, asiyezijua koo zetu za kusini. Danieli alimwambia kwamba mzee wake anaumwa mguu, hawezi mlima, na yule akaridhika. Tulipika makande ya nguvu. Mimi na wanawake wenzangu tulikuwa chumba cha pili, na Rogathe amesimama nyuma ya pazia kabisa, ananusa mpaka pumzi za wageni.

Aliyeongoza mazungumzo ni kaka yetu mkubwa, Abednego. Mnajua tunavyotaniwa, kwamba Mpare atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Utani huo watu walimtazama kaka Abednego ndipo wakautunga. Alikaa katikati na fimbo yake, akasema karibuni, mmefika, semeni.

Mzee Melkizedeki akakohoa. "Tumekuja kuomba jiko. Kijana wetu huyu anaitwa Danieli Mvanga."

Nilimwona Rogathe anashika pazia.

"Nani?" kaka Abednego akauliza.

"Mvanga," Danieli akajibu mwenyewe, kifua mbele. "Danieli Mvanga."

"Mvanga wa wapi?"

"Wa Same, mzee."

"Same ni stesheni ya treni, mwanangu. Hakuna ukoo ulioota stesheni. Nakuuliza Mvanga wa bonde gani? Babu yenu amezikwa wapi?"

Danieli akasema ana hati ya kiapo. Alisema hivyo kweli, mbele ya wazee: hati ipo, imegongwa mihuri, jina ni lake kisheria. Nikatamani nitoke nikamzibe mdomo. Kaka Abednego akatabasamu kwa sababu sasa kesi ilikuwa imeingia kwake.

"Sikatai hati," alisema. "Ila sikiliza. Nyumba hii ni ya Wavanga. Binti huyu ni Mvanga. Kama na wewe ni Mvanga, huyu ni dada yako, na kuoa dada ni laana. Kama si Mvanga, basi umechukua cha watu bila hodi. Hilo la pili ni kosa dogo, tunakupiga faini ya mbuzi, unaomba radhi, mambo yanaendelea. Kwa hiyo nakuuliza swali moja. Baba yako ni nani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pake pa kusema kweli. Naomba mwelewe kwamba swali lile halikuwa mtego. Kaka Abednego alikuwa anajua. Eliufoo alikuwa anajua, na alikuwa ameinama mbele, ameweka viganja magotini kama mtu anayemsubiri mtoto amalize kusimama. Sisi wanawake tulijua. Nyumba nzima ilikuwa inangoja aseme, "Baba yangu ni Tomaso Manamba wa Bendera," ili tucheke, mbuzi atajwe, na chakula kiletwe. Hata mimi midomo yangu ilikuwa inatamka badala yake.

Danieli akatazama sakafu. Shingo ilikuwa imemlowa jasho mpaka kola. Akasema, "Baba yangu alishafariki."

Sijui kama mmewahi kuona aibu isiyo yenu. Inauma kuliko yenu wenyewe, maana huwezi hata kuitubu. Mzee Melkizedeki aligeuka akamtazama, kwa kuwa asubuhi ile ile alikuwa ameambiwa habari za mguu. Eliufoo akajiegemeza nyuma, taratibu. Rogathe akaliachia pazia.

Kaka Abednego akasema kwa upole, na upole wake ndio unaokata, "Pole sana kwa msiba. Basi Mvanga hamuoi Mvanga. Kula makande, kaka yake Rogathe, urudi salama."

Na alikula. Angefanyaje? Alikula akiwa ameinamisha kichwa, na kila kijiko tulikisikia.

Rogathe alilia, halafu akaanza kumtetea. Alisema Danieli aliona aibu tu, aibu inamfunga mtu ulimi, hata Petro alimkana Bwana. Eliufoo, ambaye moyo wake ni laini kama gimbi lililoiva, akaanza kukubali. "Nitamwita aje peke yake," aliniambia. "Mbele ya watu aliogopa. Tukiwa wawili atasema." Kaka Abednego alinung'unika ila hakupinga. Mimi mwenyewe nilisema sawa. Tukapanga apelekewe ujumbe siku ya soko.

Kabla ya siku ya soko kufika, yule marehemu akaja.

Nilikuwa uani kwa Eliufoo napepeta maharage. Nikaona mzee anapanda njia, hatua moja na kupumzika, hatua moja na kupumzika, amevaa koti zito la kijivu juani. Mguu kweli ulikuwa mbovu, hilo halikuwa uongo. Lori la ndizi halikupanda siku ile, naye alikuwa ameanza kutembea tangu kule chini barabarani. Alivua kofia kabla hajafika mlangoni.

Tukamkaribisha. Eliufoo akatoka shambani na matope yake, akampa kiti chenye mgongo. Mzee hakukaa. Alisema hana budi kusema kwanza akiwa amesimama.

"Mimi ndiye Manamba," alisema. Kiswahili chake kilikuwa bado kina Kigoma ndani. "Kijana wangu aliniambia mmemkataa kwa ajili ya jina langu. Mlisema hamuwezi kumpa binti mtoto wa manamba. Sikuja kulaumu. Ningekuwa na binti, pengine hata mimi ningeuliza. Nilimwambia kijana anisamehe, ndilo jina nililokuwa nalo la kumpa, la nyumbani lilipotelea kwa karani. Akalia, na mimi nikalia."

Eliufoo akafungua mdomo. Mzee akamwinulia kiganja, kwa adabu.

"Ngojeni nimalize, nisije nikasahau. Nimesikia siku hizi mahakamani mtu anaweza kubadili. Nikamwambia, nenda mwanangu kabadili, chagua jina zuri la huku huku, mimi sitanung'unika, mimi nitabaki na langu mpaka nife. Nimemruhusu. Nimekuja kuwaambia kwa mdomo wangu, ili kesho asije akaambiwa kwamba mzee wake hakutaka. Nawaomba akishabadili mumfikirie tena."

Ndipo akakaa.

Eliufoo alikuwa analia waziwazi, mtu mzima. "Mzee," alisema, "hapa jina lako halijakataliwa na mtu."

"Mnanifariji," mzee akajibu. "Ahsanteni. Ninyi ni watu wema, Rogathe alishaniambia."

Tungemwambia nini? Kwamba jina lake ndilo peke yake tulilokuwa tunalingoja? Kwamba hati imeshagongwa mihuri, na ruhusa yake imekuja kwa mtu aliyekwisha kujiruhusu? Kwamba kwenye kiti kile kile mwanawe alimzika, nasi tukampa pole? Kila tulilotaka kusema lilikuwa kisu. Eliufoo akarudia tena kwamba jina halikukataliwa, kisha akachutama akaanza kumvua mzee viatu, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba.

Rogathe alitoka jikoni na beseni la maji ya vuguvugu. Alikuwa amesikia yote. Akapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hujambo? Usikonde, mambo yatakaa sawa."

"Sijambo, baba."

Akamkanda ule mguu polepole, wala hakutoa chozi. Alimuuliza kama maji yanamchoma, mzee akasema hapana, ni mazuri. Alipomaliza akamfuta kwa kanga yake mwenyewe, akarudi jikoni, nami nikamfuata.

"Shangazi," alisema, "mwambie baba asipeleke tena ule ujumbe kwa Danieli."

Nilimuuliza kama ana hakika, maana maneno ya hasira hupoa.

Akasema hana hasira, ila mzee apakuliwe kwanza, ametembea mbali.